Sauti imehama mlangoni ikasimama katikati ya dashibodi: uzoefu wangu wa kuseti redio ya gari Malindi

Kaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama, weka wimbo wa mtu mmoja anayeimba, kisha fumba macho. Mwimbaji yuko wapi? Katika magari mengi ya usukani wa kulia yuko mlangoni mwako, karibu na goti. Mlango wa kushoto una spika ya aina ile ile na bei ile ile, lakini ni kama haipo. Toyota Fielder yangu ilikuwa hivyo tangu nilipoinunua, na kila fundi wa redio niliyemwendea alinipa dawa moja: ongeza spika, ongeza wufa (spika kubwa ya besi), ongeza amplifaya.

Fundi niliyempata hapa Malindi, kijana mwenye gereji ndogo upande wa barabara ya Mombasa, hakuniuzia spika hata moja. Alitoa futi ya kamba, maiki ya kupimia na laptopu. Kazi yake ni kuseti tu, na mimi nilimlipa shilingi 15,000 za ufundi. Prosesa, yaani kile kisanduku kinachokaa kati ya redio na amplifaya na kuiongoza kila spika peke yake, nilikuwa nimeshainunua. Najua kuna watakaosema ni pesa nyingi kwa kazi isiyoacha kitu cha kushika mkononi. Mimi nasema ndizo pesa zilizofaa kuliko zote nilizowahi kutia kwenye gari lile.

Vifaa vyangu ni vya kawaida: spika za inchi 6.5 milangoni, twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, kwenye nguzo za kioo cha mbele, na wufa moja ya inchi 10 kwenye buti. Fundi alipima umbali wa kila kimoja hadi kichwani pangu nikiwa nimeketi ninavyoketi siku zote. Mlango wa kulia sentimita 85, wa kushoto 135. Twita ya kulia 70, ya kushoto 115 na kitu, akaandika 120. Wufa 165.

Tazama hizo 85 na 135. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 50 za ziada ni karibu milisekunde moja na nusu. Ni kidogo mno kwa saa ya ukutani, lakini kwa sikio ni kingi. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1949: sauti ile ile ikifika kutoka pande mbili kwa kupishana milisekunde chache, binadamu husikia sauti moja, na huihesabu kuwa imetoka kule ilikotangulia kufika. Spika ya kulia inatangulia, basi mwimbaji anakaa kulia. Ukipunguza sauti ya kulia kwa kitufe cha balansi atasogea kidogo, lakini hatulii, na upande mmoja unabaki dhaifu.

Kuna hasara nyingine ambayo sikuwahi kuelezwa na mtu kabla ya huyu kijana. Tofauti ya sentimita 50 ni nusu ya wimbi lenye urefu wa mita moja, na wimbi la mita moja ni kama hezi 345, yaani mitetemo 345 kwa sekunde. Hapo spika mbili zinafika kichwani zikisukumana kinyume, na sauti inafifia. Hezi 345 si besi wala si mlio wa twita, ni mahali anapopita mwimbaji na udi wake. Ndiyo maana gari linaweza kupiga kelele barabara nzima huku maneno ya wimbo yakisikika membamba. Ukiongeza spika kubwa unaongeza pande zote mbili zinazogombana.

Dawa ni kuichelewesha spika iliyo karibu ili ifike pamoja na iliyo mbali. Wufa ndiyo ya mbali zaidi, ikaachwa bila kucheleweshwa. Mlango wa kushoto ukapewa milisekunde 0.87, wa kulia 2.32, twita ya kushoto 1.30, na twita ya kulia, iliyo karibu kuliko zote, 2.75. Hesabu yenyewe yeyote anaifanya kwa simu: toa umbali wa spika kwenye ule wa mbali kuliko zote, gawanya kwa 34.5, yaani sentimita ambazo sauti husafiri kwa milisekunde moja.

Lakini kabla ya hesabu hiyo alishika betri ndogo ya volti 1.5 akagusisha kwenye waya za kila spika ya mlangoni, huku akiangalia uso wa spika. Wa kulia ulisukumwa nje. Wa kushoto ulivutwa ndani. Waya ziligeuzwa na aliyefunga spika mwanzo, ambaye simtaji, na kwa muda wote huo mlango mmoja ulikuwa ukivuta pale mwenzake anaposukuma. Hapo hata ucheleweshaji uwe sahihi namna gani, katikati haipatikani, na besi ya milangoni inapotea. Nilikasirika, kwa sababu ile kazi nililipia. Viungo vya waya pia vilikuwa vimeota kijani kwa chumvi ya bahari. Akakata, akachomelea upya kwa risasi, akafunga vizuri. Wenye magari pwani waliangalie hili hata kama hawana haja na mengine.

Kupima kwa maiki kulingoja baada ya magharibi, mafundi wa kuchomelea wa jirani walipofunga. Nililipenda hilo, maana angeweza kuharakisha nisijue. Alianza na krosova, yaani kuigawia kila spika sauti zake, twita zisipewe sauti nzito na milango isipewe chini ya hezi 80, halafu akaingiza ule ucheleweshaji, na mwisho ikwalaiza, yaani kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, kulia peke yake na kushoto peke yake. Mara nyingi alipunguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua. Maiki aliizungusha pale kichwa kinapokaa, hakuiegemeza mahali pamoja.

Wufa ndiyo iliyomchukua muda. Akaniambia, "Shehe, kwa hii futi ya kamba haitoshi," na sababu yake niliielewa baadaye: krosova yenyewe huchelewesha sauti nzito, na wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita nne, kwa hiyo umbali kwenye kamba ni makisio ya kuanzia tu. Alipiga mlio wa karibu na hezi 80, akaigeuza wufa kinyume kwa makusudi kwenye laptopu, kisha akawa anasogeza ucheleweshaji wa milango yote na twita zote kwa pamoja hadi akapata mahali besi inapokufa kabisa. Alipoirudisha wufa sawa, pale pale ilipokuwa ikifa ndipo ilipojaa. Na hapo besi ikaacha kutoka kwenye buti. Nilijua fika kwamba wufa iko nyuma yangu, lakini ngoma ilikuwa inapigwa mbele.

Wimbo wa kujaribia nilikuja nao mwenyewe. Tuna kanda za zamani za taarabu ya Mombasa tulizozihamishia kwenye flashi, za udi, fidla na tashkota (kinanda cha nyuzi chenye vitufe), na nyingi zilirekodiwa mono, yaani kulia na kushoto hakuna tofauti hata chembe. Watu hudhani rekodi kama hizo hazifai kwa redio nzuri. Kwa kazi hii hakuna kipimo kizuri zaidi, kwa sababu rekodi ya mono haina ruhusa ya kutandaa: ni lazima yote itoke kwenye nukta moja. Ikiegemea upande, au mwimbaji akiwa mpana kama mkeka, kazi haijakwisha. Msikilize na mpiga udi. Kila anapodonoa uzi, ule mguso wa mwanzo unatoka kwenye twita na mwili wa sauti unatoka mlangoni. Visipofika pamoja utasikia mguso juu kwenye nguzo na udi chini miguuni, vitu viwili. Kwangu sasa ni udi mmoja, juu ya dashibodi, katikati, na mwimbaji yuko hapo hapo. Nilipoweka rekodi mpya za stirio, fidla zilijitenga kushoto zikapita hadi karibu na kioo cha pembeni, na nilisikia wapiga ngoma wawili pale nilipozoea mmoja.

Tulikwenda na gari hadi Mambrui kupitia daraja la Sabaki. Gari likishika kasi kwenye lami, mngurumo wa matairi humeza sauti nzito, kwa hiyo besi iliyotosha gereji ilipungua barabarani, akaiongeza kidogo tulipopumzika. Nilimuuliza pia kuhusu joto letu, maana sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa moto: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu 349 kwenye nyuzi 30. Kwa umbali wa mita moja tofauti hiyo ni takriban milisekunde 0.05. Jua la kaskazi halitakuharibia seti.

Sasa kasoro, na iko moja kubwa. Utamu wote huu ni wa kiti kimoja. Mke wangu alipoketi kushoto aliniuliza, "Baba Salim, mbona mie naimbiwa sikioni?" Ana haki. Yeye tayari yuko karibu na mlango wa kushoto, na sasa wa kulia umecheleweshwa juu ya umbali wake, kwa hiyo kwake ni vibaya kuliko mwanzo. Hakuna fundi atakayeliondoa hilo kwa ucheleweshaji. Tulichofanya ni kuhifadhi seti mbili kwenye prosesa: moja yangu nikiwa peke yangu, nyingine ambayo kulia na kushoto havipishanishwi, milango, twita na wufa tu ndizo zinazolinganishwa. Katika hiyo ya pili hakuna anayemsikia mwimbaji katikati kamili, lakini hakuna anayeonewa. Tukiwa safarini kwenda Kilifi au Mombasa na familia, hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Jambo jingine, fundi hakunipa nakala ya seti mpaka nilipoiomba. Mwombe akuwekee faili kwenye flashi, kwa kuwa prosesa ikirudi ilivyotoka kiwandani, kazi yote inapotea. Na ukienda, nenda na kiti kikiwa pale pale unapoendeshea, si kilivyosukumwa na kijana wa kuosha gari. Ukikisogeza sentimita 10 nyuma baada ya kupimwa, spika zote zinabadilika umbali na hazibadiliki sawasawa, na mwimbaji anaanza tena kurudi mlangoni.