Rimu zimebanduka kama ganda la yai, afu eti mimi ndo mjuaji

Nimekaa na hasira siku kadhaa, ngoja niandike tu. Nilipeleka rimu nne za IST yangu, za aluminiamu, sehemu moja hapa Dar wanafanya pauda kotingi, ile rangi ya unga inayopulizwa afu inaokwa kwenye oveni, jina silitaji nisije nikaitana nao polisi bure. Nilitaka nyeusi isiyong'aa, na siku nazichukua nilichanganyikiwa, zilikuwa kali mpaka nikamtumia shemeji picha.

Mvua za kwanza tu nikapata pancha. Kijana anatoa tairi, chuma chake kikagusa ukingo wa rimu, rangi ikaanza kutoka mapande mapande, unavuta kwa kucha kama yai la kuchemsha. Na chini yake nakutana na nini? Silva yangu ya zamani, inang'aa vilevile! Na waliniambia kwa midomo yao "tumepiga mchanga mbele na nyuma". Rimu iliyopigwa mchanga, yani kurushiwa mchanga kwa presha, haing'ai jamani, inafubaa, ukipitisha kidole inakwaruza, na hapo kwenye mikwaruzo ndo rangi inashika. Afu ndani kuna kamstatili kamevimba, kumbe ile gundi ya vile vyuma vidogo vinavyobandikwa kubalansi tairi, wamepulizia rangi juu yake. Gundi! Kisu na dakika mbili tu vimewashinda. Hiyo gundi naiota mpaka leo.

Nikarudi nayo. Dogo wa mapokezi, simu mkononi, hata usoni haniangalii: "Kaka we ni fundi? Kama unajua si ungefanya mwenyewe." Nikamwonyesha vitundu kama vya sindano vilivyojaa usoni mwa rimu, akasema hilo vumbi la barabarani. Hapo nilipandisha sauti, nakubali, na kuna maneno nilisema siyaandiki.

Kelele zikamtoa mzee mmoja nyuma huko, ovaroli imejaa unga. Akaichukua rimu, akaikwangua, akanyamaza, afu akauliza "hii nani aliiandaa?" Hakuna aliyejibu. Yeye ndo kanielewesha, aluminiamu ya kumimina ina vitundu vidogo ndani yake vinakaa mafuta na uchafu, kwa hiyo inaokwa kwanza ikiwa tupu, yatoke, la sivyo siku ya rangi ikiingia oveni kwenye digrii 200 hivi yanachemka na kuitoboa rangi. Akaziweka dawa ya kutoa rangi, akapiga mchanga upya, akaoka, zikatoka na madoa ya kahawia, akasafisha tena, na baada ya hapo hagusi bila glavu. Akaziba na pale nati zinapokaa, maana wale wa kwanza walipaka mpaka humo, rangi ikijisaga nati zinalegea, yani ningeona tairi inanipita barabarani!

Hela ya kurudia hakunichaji. Saivi zina muda, nimepita makorongo yote ya mtaani kwetu, kucha haiingii popote. Kwa hiyo nisiseme msiende, nendeni ila muulizieni mzee, kama hayupo geuzeni gari. Au basi msiende kabisa, maana huyo dogo bado yupo pale pale na simu yake. Sijui. Nyota moja, haya mbili, ya pili ni ya mzee.

Na hela ya kubalansi mara mbili sijarudishiwa, nikipiga hawapokei.