Lenzi za zumu za bei nafuu: zipi ni kali kweli, na zipi za kuachana nazo

Wengi husoma mwongozo kama huu wakati pesa iko tayari mkononi, kwa hiyo natanguliza jibu. Mwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) ya Canon yenye sensa ya APS-C, ile iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili, anunue EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM. Mwenye Nikon ya aina hiyo anunue AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR, mradi kamera yake inaikubali. Hizi mbili zinatoa picha kali kuliko bei zake zinavyokufanya utarajie, na ndizo ninazowapa watu kipaumbele kila wanapouliza. Mengine yote hapa chini yanaeleza kwa nini, na yanamhusu pia mwenye kamera ya aina nyingine.

Swali la ukali huulizwa vibaya. Mtu huona picha zake za mbali zina ukungu, akailaumu lenzi, akatafuta nyingine yenye sifa ya ukali zaidi. Mara nyingi kioo hakina kosa. Ukivuta hadi 300mm (namba ya mm ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi) kwenye sensa ya APS-C, upana wa mandhari unayoiona ni sawa na wa 450mm kwenye fremu kamili, na kwa Canon ni 480mm. Mtikisiko mdogo wa mkono unakuzwa kwa kiwango hichohicho. Kanuni ya zamani inadai shata ya 1/500 ya sekunde hivi ili uweze kushika kamera kwa mkono, na lenzi hizi kwa upande wa mbali hufungua tundu la mwanga hadi f/5.6 au f/6.3 tu (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kivulini au jioni, 1/500 inamaanisha ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) kupanda sana, nayo ISO kubwa inakula maelezo madogo ya picha. Ndiyo maana nikipanga lenzi za daraja hili naweka kituliza mtikisiko kwanza, mota ya fokasi ya pili, kisha ukali wa kioo chenyewe pale mwisho wa zumu. Lenzi yenye kioo kizuri bila kituliza mtikisiko, kwenye kamera isiyo na chake, itakupa picha butu nyingi kuliko lenzi ya wastani iliyotulia. Lakini kituliza hicho kinatibu mkono wako tu. Ndege anayeruka au mtoto anayekimbia bado anahitaji shata ya kasi.

Kuna jambo jingine wengi hawalihesabu, nalo ni hewa. Mchana wa jua kali, joto linalopanda kutoka ardhini huichezesha picha ya kitu kilicho mbali, na hapo hata lenzi ya bei kubwa kabisa haina msaada. Usiipime lenzi kwa mnara ulio kilomita moja mbele yako.

Pima hivi. Weka kamera kwenye tripodi, zima kituliza mtikisiko, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Chagua kitu bapa chenye maandishi madogo au ukuta wa matofali, mita kumi hivi kutoka ulipo, na uhakikishe kamera inakitazama sawasawa bila kuinama. Fokasi uiweke kwa kukuza picha kwenye skrini ya nyuma. Piga kwenye 300mm, au popote zumu inapoishia, tundu likiwa wazi kabisa, kisha f/8, kisha f/11. Rudia kwenye 200mm. Usipoteze muda na upande wa karibu, 55mm au 70mm, kwa sababu karibu kila lenzi ya bei nafuu ni kali pale, na si huko ulikoinunulia.

Sasa linganisha katikati ya picha na pembe zake nne. Pembe zikiwa butu kidogo kuliko katikati, ni kawaida. Upande wa kushoto ukiwa butu na wa kulia ukiwa mkali, vioo vya ndani havijakaa sawa, na lenzi hiyo irudishwe hata kama muundo wake unasifiwa na kila mtu. Tofauti kati ya nakala moja na nyingine ya lenzi ileile ni kubwa katika daraja hili, na jaribio hili la pembe nne ndilo linaloifichua. Kati ya tundu lililo wazi na f/8 utaona nafuu. Ukizidi f/11 ukali unaanza kushuka tena, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo, na hilo halitegemei bei. Rangi ya zambarau au kijani kwenye kingo za vitu isikukatishe tamaa sana, kwani programu za kuhariri huiondoa kwa urahisi. Ubutu hauondoki.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: chukua picha ya 200mm, ikuze kwenye kompyuta mpaka kitu kiwe na ukubwa sawa na kwenye picha ya 300mm, kisha uziweke ubavu kwa ubavu. Kama zinaonyesha maelezo sawa, milimita mia za mwisho za lenzi hiyo hazina kazi. Umelipia namba iliyoandikwa kwenye pipa lake, yaani ganda la nje la lenzi. Lenzi kadhaa maarufu hushindwa hapa, na hakuna jedwali la sifa litakalokuambia.

Baada ya hayo, orodha yangu, kuanzia juu.

Nafasi ya kwanza ni ya Canon 55-250mm STM. Ilitoka mwaka 2013, ina uzito wa gramu 375, inafokasi hadi sentimita 85, na mota yake ya STM ni tulivu kiasi cha kutumika kwenye video. Muhimu zaidi, inabaki kali kwenye 250mm tundu likiwa wazi. Ziko 55-250mm za kabla yake, IS na IS II, na kwenye soko la vitu vilivyotumika huchanganywa ovyo. Tafuta herufi STM, kwa sababu zile za awali zina mota ya kelele na mbele yake huzunguka wakati wa kufokasi. Haiingii kwenye DSLR za Canon za fremu kamili.

Ya pili, Nikon AF-P DX 70-300mm VR. Inavuta mbali kuliko ile ya Canon, fokasi yake ni ya haraka sana, na uzito ni gramu 415. Ningeiweka sawa na ya kwanza kama isingekuwa na mitego miwili. Mtego wa kwanza: ina pacha asiye na VR (kituliza mtikisiko cha Nikon), anayefanana naye kabisa na mwepesi kwa gramu 15 tu. Soma maandishi yote kwenye pipa, usiridhike na tangazo. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Kamera za zamani kama D90, D7000, D5100 na D3100 haziwezi kuifokasi, hata kwa mkono, kwa kuwa pete ya fokasi nayo inaendeshwa na umeme wa kamera. Mwenye kamera hizo atafute AF-S DX 55-300mm VR, iliyo polepole lakini inafanya kazi.

Ya tatu ni kwa wenye DSLR za fremu kamili: Tamron SP 70-300mm f/4-5.6 Di VC USD, ya mwaka 2010, iliyotumika. Ni nzito, gramu 765, na kituliza mtikisiko chake ni kati ya vizuri zaidi katika daraja hili. Ukibonyeza shata nusu, unaiona picha ikituama kwenye kitazamio. Usiichanganye na Tamron 70-300mm Di LD Macro, ambayo haina kituliza na faida yake pekee ni kupiga vitu vidogo kwa karibu.

Kwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), mambo yamesonga vizuri. Nikon Z DX 50-250mm f/4.5-6.3 VR ina gramu 405 na ukali unaostaajabisha kwa lenzi inayouzwa pamoja na kamera. Ukiikuta kwenye seti, ichukue. Canon RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM ni kali na nyepesi, gramu 635, ila f/8 inapitisha nusu tu ya mwanga wa f/5.6, basi iwe ya mchana. Kwa Sony, E 70-350mm G ndiyo bora, ingawa bei yake inaanza kuliacha neno nafuu. E 55-210mm ni rahisi na nyepesi lakini hulegea ikifika mwisho. Tamron 70-300mm Di III RXD ina kioo kizuri, haina kituliza, na a6000 au a6400 nazo hazina. Inunue kama mwili wa kamera yako unajituliza wenyewe. Olympus 40-150mm f/4-5.6 R, yenye gramu 190 tu, iko vivyo hivyo: kwenye miili ya Olympus inastarehesha, kwenye Panasonic isiyo na kituliza fikiri mara mbili.

Ya mwisho, na hapa nasema bila kusita: Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III ya mwaka 1999. Haina kituliza, ni butu ikifika 300mm, kingo zake zimejaa rangi, na bado huwekwa kwenye seti za wanaoanza kana kwamba ni zawadi. Inaniuma kila ninapoona mtu mwenye hamu ya kupiga picha akikata tamaa kwa ajili yake. Kama tayari unayo, ishie 200mm, tumia f/8, na usiiache tripodi nyumbani.

Kwa lenzi iliyotumika, mulika tochi kutoka nyuma ukitazama kwa mbele. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Vuta zumu taratibu usikie kama inakwaruza, washa kituliza usikilize kama kinagonga. Vua filta yoyote ya mbele kabla ya kupiga picha za jaribio, maana filta ya bei ya chini huharibu ukali wa 300mm kuliko inavyoharibu wa 50mm, kisha piga zile picha za pembe nne hapohapo, kabla muuzaji hajapokea pesa.