Mafunzo ya CIT kwenye kambi za kiangazi huku New England: wenye vijana wa miaka 16 someni hii kabla ya kulipa

Wazazi wenzangu mlioko Massachusetts na New Hampshire, kila mwaka shule zikikaribia kufungwa naona swali lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp, kijana ana miaka 16, kambi ya watoto ameshavuka umri, kazi ya maana hapati, sasa akae ndani na simu mpaka shule zifunguliwe au afanyeje? Mimi jibu langu ni CIT na naandika kwa kirefu maana naona watu wengi hawaijui vizuri.

CIT (Counselor in Training) ni mafunzo ya kuwa kaunsela wa kambi, yani yule mlezi anayekaa na watoto na kuwaongoza, na kijana anayesomea hayo naye anaitwa CIT. Kijana anakaa kule kambini ila sio mtoto wa kambi tena na sio mfanyakazi bado, anafundishwa kulea na kuongoza wadogo halafu anapewa watoto kweli kweli huku mkubwa anamwangalia. Kambi nyingi za YMCA na za watu binafsi zinayo, kuna wanaoiita LIT (Leader in Training), umri mara nyingi ni 16 na 17. Binti yangu amemaliza ya wiki nne kwenye kambi moja ya kulala huko kwenye maziwa ya New Hampshire, na nimeridhika sana. Kwa nyota tano nawapa nne.

Najua mwenzio nyumbani atakuuliza, yani tunatoa hela ili mtoto akafanye kazi? Ni swali la haki kabisa. Ada ya CIT kwa kawaida inakuwa chini ya ile ya kambi yenyewe lakini bado ni hela, na zipo kambi zinaita vijana viongozi halafu kutwa nzima wanafuta meza na kubeba mabegi. Ndo maana nasema piga simu kwanza, uliza kama CIT anahesabiwa kwenye idadi ya makaunsela. ACA, ile jumuiya ya kambi za Marekani inayotoa ithibati, muongozo wao kwa kambi za kulala ni mkubwa mmoja kwa watoto 6 wenye miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14. Sasa kama kijana wako ndo anatumika kujazia hesabu hiyo ujue hapo hamna mafunzo, wamepata kibarua anayewalipa wao. Halafu uliza nani atakaa naye kumpa mrejesho na mara ngapi kwa wiki. Mkurugenzi wa kambi tuliyoenda alinijibu yote bila kuzungukazunguka, CIT hahesabiwi, na kila jioni kuna kaunsela mzoefu wa kukaa nao, hapo ndo nikatoa kadi ya benki.

Wiki ya kwanza ni darasa tupu. Huduma ya kwanza na CPR (kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama), namna ya kuongea na mtoto anayelia, sheria ya kutobaki peke yako na mtoto sehemu isiyoonekana (hii wanaisisitiza mno na mimi nawashukuru kwa hilo), na ziwani kuna ule utaratibu wa kuogelea wawili wawili, filimbi ikilia kila mtoto anamshika mwenzie mkono wananyanyua juu wanahesabiwa, na wote wanakaa kimya mpaka hesabu itimie.

Kuanzia wiki ya pili ndo utamu wenyewe. Sisi tuliosoma bweni uongozi tuliolelewa nao ni wa kiranja, unapewa daftari unaandika majina ya wapiga kelele, mwalimu wa zamu anakuja kumalizia. Kule binti alipewa kibanda cha wasichana wa miaka minane akiwa na kaunsela wake, na jioni ya kwanza tu kuna katoto kakagoma kula, kanalia kanataka mama. Walishafundishwa usimwambie mtoto usilie, na usimuahidi hata siku moja kwamba akishindwa atafuatwa nyumbani, maana ukishaahidi hivyo kanakaa kanasubiri gari tu. Badala yake unampa kazi ndogo. Basi akamwambia njoo unisaidie kubeba jagi la maji, tugawe vikombe, na wakati wanagawa katoto kakaanza kuongea na wenzie, mwishowe kakala mkate. Baada ya chakula wakaandika barua kwa mama pamoja. Binti akajiona kafaulu. Jioni ile kaunsela akakaa naye akampongeza kwanza, halafu akamuuliza, wewe ulikuwa na yule mmoja muda wote huo, wale wengine kibandani walikuwa na nani? Binti ananihadithia hilo mpaka leo. Mimi nimekaa makazini miaka mingi huku na nyumbani, mabosi wanaoweza kukusahihisha namna hiyo bila kukuvunja moyo ni wachache mno, na huyu kaunsela mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo tu.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni safari ya Mount Washington. Ule mlima una mita 1,917 tu, kwetu tuliozoea kusikia Kilimanjaro na Mount Kenya unaweza kuudharau, lakini hali yake ya hewa ni mbaya sana, mwaka 1934 walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa pale kileleni. Vijana wenyewe ndo wanapanga njia, wanagawana mizigo na chakula, na kila siku anachaguliwa kiongozi wa siku. Siku ya zamu ya binti asubuhi alisoma utabiri wa kituo cha hali ya hewa cha huko juu, wakapanda, walipofika pale miti inapoishia ukungu ukafunga na upepo ukaanza, akawaambia wenzie tunarudi. Kuna walionuna maana walitaka picha ya kileleni. Kaunsela alikuwepo na hakuingilia, alimwacha awaeleze mwenyewe mpaka wakaelewa. Mtoto wa miaka 16 kusimama mbele ya wenzie kumi akasema turudi na akasimamia neno lake, kwangu mimi hilo peke yake linatosha ada.

Sasa ile nyota moja. Wiki ya tatu kuna wafanyakazi wa jikoni waliondoka na CIT wakaoshishwa vyombo zaidi ya walivyotuambia, sikupenda. Ripoti ya mwisho kwa mzazi ilikuwa nusu ukurasa wa maneno ya jumla, amejituma, ana roho nzuri, wakati kila jioni mtoto alikuwa anaambiwa mambo ya maana hivyo, wangeyaandika hata kwa ufupi tukajua pa kuendelea naye nyumbani. Na kozi ya uokoaji majini haimo, wakati Red Cross wanaruhusu kuanzia miaka 15 na cheti ni cha miaka miwili, kijana angetoka na kitu cha kuombea kazi kiangazi kinachofuata. Kuna kambi wanaiweka humo humo kwa hiyo ulizeni.

Fomu zinafunguliwa wakati wa baridi na nafasi zinaisha mapema, kuna intavyuu, mwacheni mtoto ajibu mwenyewe. Msaada wa ada upo kwenye kambi nyingi, hasa za YMCA, jazeni fomu ya kipato msione aibu. Na kama kijana hajui kuogelea mpelekeni darasani kuanzia sasa, kwa sababu kambi za ziwani siku ya kwanza ni testi ya maji, asiyepita anabaki upande wa kina kifupi na wale wadogo anaotakiwa kuwaangalia.