Biodizeli ya mafuta yaliyokwisha kukaangia: ipime kwenye chupa kabla hujaijaza kwenye tangi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani hapa nina madumu mawili, yote yanaitwa biodizeli, yaani mafuta ya injini ya dizeli yanayopikwa kutokana na mafuta ya kupikia. Dumu moja ni biodizeli kweli. La pili ni mafuta yaliyokwisha kukaangia, yakachujwa vizuri, yakapendeza rangi, basi. Kwa macho hamtayatofautisha: yote yana rangi ya dhahabu, na ukiyanusa yote yananukia jikoni. Injini itayatofautisha, ila itachelewa kukwambia.

Tuanze na hili la pili, maana ndilo linaloua injini za watu. Mafuta ya kupikia ni mazito. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi uzito wake wa kutiririka ni kama mara kumi ya dizeli. Nozo ya injini kazi yake ni kupuliza mafuta yawe ukungu; ukiipa kitu kizito hivyo inatema matone, na matone hayaungui yakaisha. Masizi yanaganda kwenye ncha ya nozo, ringi za pistoni zinanata, mabaki yanateremka mpaka kwenye oili ya injini. Na gari litawaka, tena litakwenda! Hapo ndipo watu wanaponaswa. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mpaka leo wauzaji wanaisimulia habari hiyo kana kwamba ni waranti.

Biodizeli inapikwa. Unachukua mafuta, unaweka methanoli na kichochezi, kwa kawaida kostiki soda au potashi. Molekuli kubwa ya mafuta inavunjika, glisirini inazama chini, biodizeli inaelea juu. Kilo 100 za mafuta zinakula kama kilo 11 za methanoli na kukupa karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za glisirini. Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni kwamba mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi huru, na yana maji ya vyakula vilivyopita humo. Asidi ikikutana na kostiki inazaa sabuni. Kwa hiyo mpikaji makini anapima asidi ya kila pipa kabla ya kukadiria kostiki, anakausha mafuta kwanza, halafu akishapika anaiosha biodizeli na kuikausha tena. Mvivu anaruka hatua mbili, na bei yake ndiyo inayokuvutia wewe.

Sasa angalieni, nasogeza kamera. Chupa hii nimeweka maji nusu na biodizeli nusu. Nafunga, natikisa kwa nguvu... haya, naiweka chini. Mnaona inavyojitenga? Maji chini, biodizeli juu, na mstari wa katikati umekatika safi. Ipeni kama nusu saa. Juu patabaki na ukungu kidogo, huo usiwatie hofu. Sasa hii ya pili, kutoka kwa mpikaji mwingine, niliitikisa asubuhi: bado ni uji mweupe, na katikati kuna tabaka kama povu la kufulia. Hiyo ni sabuni, au mafuta ambayo hayakuiva, au yote mawili. Hii haiingii kwenye tangi langu.

Kipimo cha pili kinataka methanoli, na hapa naomba tusikilizane: ni sumu, inapofusha, na moto wake mchana hauonekani. Glavu, miwani, nje penye hewa. Mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, subiri dakika kumi. Iliyoiva inayeyuka yote. Mafuta mabichi yanakaa chini kama tone la asali. Hilo hapo, nimelielekezea kidole. Hivi ni vipimo vya mezani tu, havifikii maabara. Muuzaji mkubwa mwombe cheti cha kiwango cha EN 14214 au ASTM D6751, na akikizungushia maneno, ondoka.

Barabarani sasa. Hii iliyofaulu nimeitumia kwenye injini ya zamani yenye pampu ya kimekanika, asilimia 20 na dizeli asilimia 80. Nguvu? Sikuona tofauti, na hesabu inakubali: biodizeli tupu ina nishati pungufu kwa kama asilimia 8 kwa lita, kwa hiyo kwenye mchanganyiko huu inakuwa asilimia 1 au 2. Mlio wa injini ulitulia kidogo. Pampu nayo inafaidi, kwa sababu biodizeli inalainisha kuliko dizeli iliyoondolewa salfa. Moshi ulipungua, na unanukia kikaango, jirani zenu watauliza. Vipimo vilivyokusanywa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, mwaka 2002 kwa injini kubwa vilionyesha mchanganyiko wa asilimia 20 unapunguza chembe za moshi kwa kama asilimia 10, ila oksidi za naitrojeni, gesi chafu za ekzosi, zinapanda kwa asilimia 2. Habari hiyo ya oksidi wauzaji huwa hawaisemi.

Kinachokera ni filta. Biodizeli inaosha. Uchafu wote uliolala kwenye tangi kwa miaka inaung'oa na kuupeleka kwenye filta, gari linaanza kukosa pumzi mlimani na wewe unalaumu mafuta. Kuwa na filta ya akiba mwanzoni. Kagua na mipira inayopitisha mafuta: ya zamani inavimba, inalainika, inaanza kutoa jasho la mafuta kwenye viungio. Badilisha uweke ya Viton, mpira unaohimili biodizeli. Na kwenye baridi inaganda mapema kuliko dizeli, hasa kama mafuta ya mwanzo yalikuwa ya mawese au ya wanyama.

Mwenye injini ya kisasa, yenye komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote) na chujio la masizi kwenye ekzosi, usinifuate mimi. Fuata kitabu cha gari. Kiwango cha dizeli cha Ulaya, EN 590, kinaishia asilimia 7 ya biodizeli, na sababu ipo. Injini nyingi za namna hii husafisha chujio kwa kupuliza mafuta ya ziada kwa kuchelewa ndani ya silinda. Dizeli inageuka mvuke inatoka. Biodizeli inachemka kwenye joto la juu zaidi, inabaki ukutani, inateremka kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, usifurahi.

Kuhifadhi: dumu lijae, lifungwe, likae gizani, mbali na shaba na zinki maana zinaiharakisha kuchacha. Itumie ndani ya miezi sita. Jenereta ya dharura inayokaa bila kuwashwa mimi siiwekei kabisa, inabaki na dizeli ya kawaida.

Maswali yaacheni hapo chini. Mkitaja injini, tajeni na mwaka wake na aina ya pampu, la sivyo nitakuwa nawajibu kwa kubahatisha.