Vitafunwa vya mbwa vya kutengeneza nyumbani: matobolwa yameishinda mifupa ya ngozi ya dukani

Wenye mbwa njooni hapa tuongee. Nina mbwa wawili hapa Kimara, Jeki ambaye ni chotara wa Jeman Shepadi ana kilo 31, na Popi wa kienyeji, mdogo, kilo 11, na hawa wasipokuwa na kitu cha kutafuna basi zitatafunwa ndala, mguu wa kochi, hata mpira wa bomba la bustani. Kwa hiyo miaka miwili nzima nilikuwa nawanunulia ile mifupa ya ngozi, ile myeupe imefungwa fundo huku na huku, mnaijua. Mwezi wa tatu nikaacha kabisa na tangu hapo natengeneza mwenyewe. Nimejaribu vitu vitano na leo nawapa majibu ya kila kimoja.

Kwanza kwa nini niliacha. Usiku mmoja saa tatu hivi Jeki yuko barazani na mfupa wake, mi niko jikoni naosha vyombo, nikasikia anatoa sauti kama ya mtu anataka kutapika ila haitoki. Natoka nje namkuta ameinamisha kichwa, miguu ya mbele ameitanua, mate yanamning'inia kama uzi mpaka chini. Nikamshika taya nikaingiza vidole viwili, kule nyuma kabisa nikagusa kitu kinateleza, kimevimba, kama ngisi mbichi. Kiliniponyoka mara mbili, mara ya tatu nikakivuta kikatoka, kipande urefu wa kiganja changu. Aisee nilikaa pale pale chini nimemkumbatia mbwa natetemeka mwili mzima. Asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akamwangalia koo akaniambia dada shukuru kilinasa juu, maana kikishuka kikaziba utumbo hapo tunaongelea kupasua.

Ile siyo mfupa jamani, ni ngozi ya ng'ombe, tabaka la ndani, inatolewa manyoya kwa chokaa na nyingi zinapaushwa kwa dawa ndo maana zinakuwa nyeupe vile. Ikilowa mate inakuwa kama raba na inameng'enywa taratibu mno. Kuna mbwa anakula miaka yote hapati shida, siwezi kubisha, ila mbwa mwenye pupa kama Jeki anayemeza kabla hajatafuna ni hatari. Na vile vipande vya nyama kavu vya kwenye pakiti navyo nilikuwa naviamini mpaka niliposoma habari za Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, tangu 2007 walikuwa wanapokea malalamiko ya mbwa kuugua baada ya kula vipande hivyo, vingi vikiwa vimetoka China, mpaka mwisho wa 2015 walioripotiwa kuugua ni mbwa zaidi ya 6,200 na waliokufa zaidi ya 1,140, na pamoja na kupima kote chanzo chenyewe hawakukipata. Mi hiyo ilinitosha.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Nianze na mshindi maana sina sababu ya kuwaweka roho juu. MATOBOLWA. Wasukuma na Wanyamwezi mshacheka hapo, na wengine mnajiuliza ni nini. Kwetu Shinyanga viazi vitamu vikivunwa vingi vinakaushwa viliwe kiangazi, vikikatwa vibichi vikaanikwa hiyo ni michembe, vikichemshwa kwanza ndo vikakatwa vikaanikwa hayo ni matobolwa. Nimekua nayakuta kwa bibi ghalani, na siku namwangalia Popi anahangaika na ndala ndo ikanijia, kwani huyu si anataka kitu kigumu kinachovutika?

Nikajaribu vyote viwili. Michembe haifai, kwa mbwa wangu ilivunjika vipande vyenye ncha kama kigae na Popi aliitema. Matobolwa sasa! Chemsha kiazi na maganda yake kisilainike sana, kikipoa menya, kata kwa urefu unene wa kidole kidogo, ukikata vyembamba vinakuwa chipsi anamaliza kwa sekunde. Nje vinakauka vinakuwa vigumu, rangi inageuka ya asali iliyoiva, ndani vinabaki na ule mvuto kama ngozi, mbwa anabana kwa miguu ya mbele anavuta kwa magego ya pembeni na unasikia kabisa vinavyolia. Jeki kipande kimoja dakika saba, Popi ishirini na kitu. Na akimeza kipande kwa bahati mbaya ni kiazi, kikilowa kinalainika kinapita.

Ila Dar siyo Shinyanga. Kule jua kali na hewa kavu, siku tatu nne yameiva. Hapa joto la jasho, mara ya kwanza nilianika siku tatu juu ya bati nikaweka kwenye kopo, wiki moja baadaye nakuta vidoa vya kijani, nikamwaga yote na roho ikiniuma. Sasa hivi naanika siku mbili chini ya kipande cha chandarua cha zamani kwa ajili ya inzi, alafu namalizia kwenye oveni moto mdogo kabisa, mlango nimeuacha wazi kidogo, masaa mawili. Nikishatoa yapoe kabisa ndo nafunga. Ukifunga ya moto yanatoa jasho na ukungu unakusubiri.

La pili mapafu ya ng'ombe. Muuza bucha wangu alishazoea, ananiuliza dada leo ya Jeki au ya nyumbani. Haya nayapa nafasi ya pili, yakikauka yanakuwa mepesi kama biskuti, yanavunjika kwa mkono, na kwa kumfundisha mbwa kukaa, kusubiri, kuja ukimwita, hakuna kitu kitayashinda. Harufu yake Jeki anaisikia akiwa getini. Kilo nzima ikikauka inabaki kama robo tu usishangae.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri. Usimpe mbwa mapafu wala maini mabichi, hata yakiwa ya bure. Kuna minyoo inayokaa kwenye malengelenge yenye maji kwenye mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, mbwa akila mabichi inakua tumboni kwake, mayai yanatoka na kinyesi, na binadamu hasa watoto wanaocheza na mbwa wanayameza bila kujua, baada ya miaka unakuta mtu ana uvimbe mkubwa kwenye ini. Wafugaji wanaujua huu ugonjwa, Turkana kule Kenya umesumbua watu miaka mingi. Mi nikiona pafu lina lengelenge silinunui kabisa, na lililo safi nalichemsha saa nzima bila chumvi, bila kitunguu, ndo nakata naweka oveni masaa matatu manne. Maini nawapa kidogo tu mara moja kwa wiki, yana vitamini A nyingi, ikizidi inamdhuru.

La tatu dagaa. Chukua wa ziwani, wa Mwanza au wa Kigoma, usichukue wa baharini waliochemshwa na chumvi. Wa Mwanza bei nzuri ila mchanga jamani, mi naosha maji matano, loweka, koroga, acha utulie, mwaga, mpaka chini ya beseni pasibaki kitu. Kisha nawachemsha kidogo nawakausha tena kwenye kikaango bila mafuta. Popi anaweza kuuza nyumba kwa dagaa mmoja. Siyo kitu cha kutafuna muda mrefu, ni zawadi ya haraka, na uzuri ukipungukiwa mboga dagaa wale wale unaunga nazi na nyinyi mnakula.

Biskuti za karanga sikuzipenda kiasi hicho. Unga wa ngano usiokobolewa, karanga za kusaga, yai, maji, unakata unaoka. Mbwa walikula vizuri sana lakini zinanenepesha na kutafuna hakuna, zimeisha kabla hujafunga kopo. Alafu karanga zina habari ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mnakumbuka 2016 Dodoma na Manyara watu walivyokufa kwa mahindi yenye sumukuvu, basi na mbwa ini lake linaharibiwa na kitu hicho hicho, kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zenye weusi au ukungu zisiwe za kumpa mbwa, na ule unga ulioharibika mnaosema tumpikie mbwa, hapana. Ukitumia siagi ya karanga ya dukani soma lebo, ukiona xylitol rudisha kwenye shelfu, ile sukari mbadala kidogo tu inamshusha mbwa sukari ghafla na kumuua.

La tano wala siyo la kupika, karoti nzima iliyoganda kwenye friza. Siku za joto Jeki anailalia kabisa pale kwenye sakafu ya baraza anaguguna. Rahisi, haina mafuta, na ilimsaidia Popi alipokuwa anabadili meno. Kwa mbwa mkubwa mwenye pupa kaa naye karibu asimeze gongo zima.

Niwe mkweli, kwa muda wa kutafuna mfupa wa ngozi unakaa zaidi, ule ulikuwa unamshika Jeki karibu saa nzima na hakuna nilichotengeneza kinachofika huko. Ukiwa unataka kitu cha kumwachia mbwa uende kazini, matobolwa hayatakutosha. Na gesi inaenda, ndo maana natengeneza mara moja kwa wiki mbili vyote kwa pamoja. Kiasi nafuata alichoniambia daktari, vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, kwa Popi hiyo ni vipande viwili basi. Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti na mifupa iliyopikwa havigusi kabisa kwenye hilo kopo.

Matobolwa nayapa 9 kwa 10, mapafu 8, dagaa 8, karoti 7, biskuti 5. Juzi nimempigia mama Shinyanga nikamwambia anitumie debe moja la matobolwa, akaniuliza mwanangu umeanza kukumbuka chakula cha nyumbani eeh, nikamwambia ukweli ni ya Jeki na Popi. Kacheka, akasema basi atatuma mawili, moja la mbwa na moja la kwangu. Yanapanda basi Ijumaa.