Siku mbili chini ya taa za bluu: manjano ya mwanangu, Mtwara

Mwanangu wa pili alizaliwa salama, kilo 3.2, na kesho yake tukarudi nyumbani Mikindani. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa namnyonyesha karibu na dirisha, nikaona weupe wa macho yake umekuwa kama maji ya binzari. Nikambonyeza paji la uso kwa kidole, nikaachia. Pale pa kidole palikuwa njano.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mtoe jua la asubuhi, yataisha." Ndivyo wengi tulivyolelewa huku, simlaumu. Lakini mtoto alikuwa analala mno, nikimpa ziwa anavuta mara mbili anasinzia. Mume wangu akaita bajaji, tukaenda hospitali mjini.

Wakampima bilirubini, yaani ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, ikasoma mikromoli 318 kwa lita. Kundi langu la damu ni O, la mtoto ni A. Daktari alieleza kwamba kwa kuwa hayalingani, kingamwili zangu zilikuwa zinavunja chembe nyekundu za mtoto, na zikivunjika hutoa hiyo rangi ya njano ambayo ini la kichanga haliwezi kuitoa kwa kasi hiyo. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kupoteza usikivu au kupooza. Nililia palepale. Tukalazwa, mtoto akawekwa chini ya taa za matibabu.

Taa zenyewe ni za bluu kali, zinaning'inia juu ya kitanda kidogo kama shubiri mbili kutoka kwa mtoto. Anavuliwa kila kitu isipokuwa nepi, macho yanafunikwa. Usiku mama mkwe alimwonea huruma, akamtandikia khanga kifuani. Muuguzi akaitoa taratibu: "Mama, mwanga usipogusa ngozi haufanyi kazi." Akatusimulia kwamba mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Sista Ward, alizoea kuwatoa watoto njiti nje wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyekwisha kupauka mwili mzima isipokuwa kipande kimoja cha ngozi, njano tupu. Ndipo kona ya shuka ilipokuwa imefunika.

Mama mkwe akauliza, kumbe jua linafaa? Muuguzi akajibu kwamba jua halipimiki: linachoma, na kichanga hawezi kukaa nje uchi mchana na usiku. Taa hii inatoa ule mwanga wa bluu unaotakiwa tu, nao hugeuza ile njano iwe kitu kinachoyeyuka na kutoka kwa choo na mkojo. Kweli, usiku ule choo chake kilikuwa chepesi, cha kijani, na nepi zililowa mfululizo. Asubuhi nilipombadilisha niliona kwa macho yangu: tumbo limeng'aa, lakini chini ya nepi bado njano.

Kazi ya mama humo ndani ni kunyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama mtoto hataki kuamka. Mimi nilimsugua nyayo, nikamkamulia maziwa kwenye kikombe. Hapo wauguzi walinisaidia sana, nawashukuru.

Kilichoniumiza ni umeme. Usiku wa pili ulikatika, jenereta ikachelewa karibu dakika 40, tukakaa gizani na watoto wamelala chini ya taa zilizozimika. Tena watoto wawili walilazwa chini ya taa moja, na bomba moja la taa hiyo lilikuwa linapepesa. Mashine inayookoa ubongo wa mtoto haifai kuachwa hivyo. Mama naye analala kwenye kiti cha plastiki, na mshono wake.

Kwa wenzangu wanaojifungua: njano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Kwa watoto wetu weusi tazameni macho na fizi, ngozi peke yake inadanganya.

Sisi tulizimiwa taa kipimo kiliposhuka hadi 187. Kesho yake tukarudi kupimwa tena, maana huweza kupanda baada ya taa kuondolewa. Ilikuwa 195, daktari akaturuhusu. Njiani kwenye bajaji mtoto aliamka mwenyewe, akalia anataka ziwa.