Poda Iliyoniharibia Picha za Sendofu: Uzoefu Wangu na Mpambaji Mmoja wa Sinza

Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu mwaka jana, na kila nikifungua albamu ya sendofu yangu hasira hunipanda upya. Saluni yenyewe iko Sinza, Dar es Salaam; jina lake naliacha.

Nilipokwenda kuweka nafasi nilimweleza mpambaji waziwazi kwamba mpiga video angekuja na kamera za 4K, zile zinazonasa hata kasoro ndogo, kwamba ukumbini kungekuwa na skrini kubwa, na kwamba wapiga picha wangetumia flashi usiku kucha. Alinijibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki, nami nikalipa advansi bila wasiwasi.

Siku ilipofika alinikalisha mbele ya taa ya duara, akanipamba vizuri kwa kweli, nyusi zikakaa na kope zikakaa. Mwisho akachukua poda nyeupe, laini kama vumbi la chaki, akanikandika chini ya macho na puani kwa sponji, akaiacha kidogo, kisha akaipangusa nusunusu. Kwenye kioo sikuona kasoro yoyote. Poda ya silika ndivyo ilivyo: machoni hupotea kabisa, lakini ikizidi, flashi ikaipiga ana kwa ana, huurudisha mwanga kwenye lenzi ukiwa mweupe. Nilipopigwa picha ya kwanza mlangoni, mdogo wangu aliitazama kwenye kamera, akaninong'oneza, "Dada, una unga usoni." Chini ya macho yangu palikuwa na vimwezi viwili vyeupe, pua imepauka, na shingo imebaki na weusi wake wa asili.

Niseme haki: kwenye video sikuonekana vibaya hivyo, kwa sababu taa za video huwaka mfululizo na hazimuliki ghafla kama flashi. Na nywele ndizo zilizonishangaza. Binti msaidizi, ambaye hakuna aliyemtaja wakati wa kupatana bei, aliikata lesi ya wigi, yaani ule wavu mwembamba wa ukingoni, kidogo kidogo kwa kuufuata mstari wa nywele zangu za mbele, akaipaka fondesheni ya rangi ya paji la uso wangu, akaibana kwa kitambaa mpaka gundi ikashika. Kwenye skrini ile kubwa, kamera iliposogea karibu kabisa, wigi ilionekana kama imeota kichwani mwangu. Kwa ajili ya binti yule nilikuwa tayari kusamehe na kutoa nyota 3.

Kilichonitoa kwenye msamaha ni simu. Nilimpigia mpambaji nikiwa nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo, nikamweleza kwa adabu, naye akanijibu shombo: "Dada, mimi napamba watu, sipambi kamera. Ngozi yako ndiyo nyeusi sana, mwambie mpiga picha aongeze mwanga." Aongeze mwanga! Mwanga huohuo ndio uliokuwa ukiniumbua mbele ya wakwe. Angenipiga picha moja tu kwa simu yake, flashi ikiwa imewaka, kabla sijainuka kitini, tungeuona weupe ule wote na kuupangusa kwa dakika mbili. Mtu anayelipwa shilingi 250,000 kwa kazi ya kamera, halafu anaisingizia ngozi ya mteja, hastahili nyota 3 wala 2. Natoa moja, nayo ni ya msusi. Akihama saluni ile nitamfuata atakakokwenda.

Mdogo wangu alinifuta kwa tishu yenye maji, tukaokoa picha za mwishoni. Lakini keki ilikuwa imeshakatwa. Picha niliyoisubiri kuliko zote ni ile ninayomlisha mama keki, naye ametoka vizuri, anacheka huku machozi yakimlenga. Mpiga picha alijaribu kuisahihisha kwenye kompyuta kwa siku kadhaa, kisha akaniambia kwamba pale chini ya macho yangu mwanga umeunguza kila kitu, hakuna rangi ya ngozi iliyobaki ya kurudisha.